Koti la Marselino Lina Miaka Kumi na Miezi Kumi na Mmoja Mbele Yake

Josepha Marselino,
Makere,
Kasulu.
15 Julai 2025

Kwa Ndugu Anatoli,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Kibondo.

Ndugu Mwenyekiti, na pia Shemeji yangu mpendwa,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUSTAAFISHWA KWA KOTI KABLA YA WAKATI WAKE

Mwakeye. Huku Makere tuko salama. Maharage tumeshapura, na baridi ya mwezi huu inatuamsha kabla ya majogoo.

Nimepokea kwenye simu maazimio ya kikao mlichokaa Kibondo. Nilimpa na jirani yangu Rabia asome, yule mwalimu aliyeletwa huku kutoka Tanga, maana nilidhani miwani yangu imechoka. Naye alisoma kama nilivyosoma. Azimio la nne linasema kwamba Jumamosi ya tarehe 26, siku ya kumaliza msiba wa marehemu mume wangu Marselino, koti lake la sufu liletwe Kibondo, uvishwe wewe mbele ya wageni kwa kuwa ndiwe mdogo wake, kisha koti hilo "kuukuu" lihifadhiwe sandukuni kwa heshima.

Ninalishukuru sana azimio hili. Limeandikwa vizuri. Kwa unyenyekevu mkubwa ninalipinga, kwa sababu zifuatazo.

1. Tarehe. Kaka yako alikuwa mtunza ghala pale kambini Nyarugusu kwa miaka ishirini na miwili. Mtu aliyezoea kuandika tarehe kwenye magunia ya unga na katoni za sabuni hawezi kufika nyumbani akaacha. Kila nguo iliyoingia nyumba hii aliigeuza ndani nje, akachukua kalamu yake ya wino mzito, akaandika siku ya kuanza kutumika na siku ya mwisho. Shati, miaka minane. Suruali, miaka sita, kwa sababu ya baiskeli. Gauni langu la kahawia alilipa miaka kumi. Nilipolalamika kuwa ni mingi alinijibu kwamba gauni lenyewe halijalalamika.

Koti hili tulilinunua kwenye mitumba pale Kasulu mjini. Ndani ya kola ameandika hivi, na ninanukuu kama ilivyo: KUANZA 14/6/2006. MWISHO 14/6/2036.

Leo ninapoandika, koti lina miaka kumi na miezi kumi na mmoja mbele yake. Aliyekwisha ni Marselino. Koti halijaisha. Naona kikao kimechanganya hivyo viwili, na silaumu, mlikuwa na ajenda nyingi.

2. Matumizi. Kikao kimesema koti "limekaa tu". Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Tangu tumzike mimi ndiye ninayelivaa kila asubuhi nikienda kisimani na shambani, ili miaka isipotee bure. Ninafanya hivyo kwa moyo mzito lakini kwa uaminifu, kama mtu anayemalizia zamu ya mwenzake.

Nasikia mzee mmoja kikaoni alisema haifai mjane kuvaa nguo za marehemu, kwamba inaleta mkosi. Nimeshangaa mkosi huu unavyochagua. Mabuti yake ya mvua nimeyalimia msimu mzima, na hakuna aliyeniombea. Labda mkosi haupandi kwenye mabuti yanayovuja.

3. Nguo za ukoo. Naomba nisieleweke vibaya, mimi sina ugomvi na maendeleo. Siku ya mazishi mlituletea fulana nyeupe zenye picha ya Marselino kifuani, na maneno "Daima Tutakukumbuka". Tulizivaa, tukapendeza. Nilipofua yangu mara ya kwanza macho yalififia. Mara ya pili uso wote ulitoka. Ilipofika mara ya tatu, kwenye fulana lilibaki koti peke yake, maana hata kwenye picha ile alikuwa amelivaa. Ninayo mpaka leo, Ndugu Mwenyekiti. Ni picha ya koti lisilo na mtu, na chini yake neno "Daima".

Sasa azimio la sita linasema tuchapishe fulana nyingine kwa ajili ya tarehe 26. Sawa. Ila naomba kuuliza kwa upole kama ukoo unaochapisha kumbukumbu inayoisha kwa kufuliwa mara tatu ndio ulio bora kulihifadhi koti lililodumu miaka kumi na tisa.

4. Historia yako wewe binafsi katika mavazi. Hapa naandika kama shemeji, siyo kama mlalamikaji. Mwaka 2015 kaka yako alikupa sweta lake la bluu likiwa na miaka minne mbele yake. Tulipokuja Krismasi tulilikuta linafuta pikipiki. Marselino alilichukua, akalifua, akalivaa miaka minne iliyobaki. Hukuliona tena, maana alikuwa akilivaa ndani ya koti ili usione haya.

Suti yako ya harusi umeivaa siku moja, na mpaka leo iko ndani ya nailoni. Mkeo Esteri, ambaye nampenda sana, aliniambia una makoti saba ya ofisini. Mtu mwenye makoti saba hawezi kulijua hata moja. Kaka yako alikuwa na moja, na alilijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Alilitundika kwa kitanzi, kamwe si kwa kola. Kabla ya kukaa alivuta mikono juu kidogo ili viwiko visisuguke. Na barabara ya kwenda kambini ilipokuwa na vumbi, alilivaa kinyume, bitana nje, akaendesha baiskeli hivyo hivyo mbele ya watu wote. Akifika getini analigeuza, anaingia ghalani msafi. Watoto wa Makere walimwita Bwana Kinyume. Alikuwa akiwapungia mkono.

5. Vipimo. Krismasi ya mwisho kaka yako akiwa hai, ulilijaribu koti hili kwa mzaha pale sebuleni kwako. Kati ya vifungo na matundu yake palibaki upana wa vidole viwili. Tulicheka wote, na wewe ulicheka kuliko wote. Kwa hiyo tarehe 26 mbele ya wageni mtalazimika kuchagua kimoja kati ya viwili: koti libaki wazi, au wewe usipumue mpaka padri amalize sala. Sipendi kumwona mwenyekiti wa ukoo katika hali hiyo.

6. Utumishi. Koti hili si nguo tu. Loyce wangu alipozaliwa usiku wa mvua, shuka zilikuwa zimelowa, akafungwa ndani yake. Limekuwa blanketi wodini, limekuwa mto kwenye lori la mahindi, limembeba jogoo kutoka Kitanga mpaka hapa akiwa mfukoni na kichwa nje. Fundi Polycarpe, yule Mkongomani wa Nyarugusu aliyelibadilisha bitana, alilivuta huku na huku akaniambia, "Mama, hii koti itatuzika siye wote." Tulicheka, hatukujua nani anaanza.

Tena limehudhuria vikao vya ukoo kumi na vinne. Halijawahi kuchelewa, halijawahi kusinzia, na halijawahi kumkatiza mtu anapozungumza. Wajumbe wangapi wa kikao chako wanaweza kusema hivyo? Napendekeza lipewe kiti. Na kama kikao kitaona ni vyema kustaafisha kila kilichochakaa na kukiweka sandukuni kwa heshima, basi naomba tuanze na wajumbe kwa mpangilio wa umri. Mimi nitasaidia kutafuta sanduku.

7. Hili la saba nilikuwa nisiandike. Mnauliza kwa nini hatukumzika nalo, kama wengi wanavyofanya. Nilitaka. Siku mbili kabla hajafariki nilimwambia nitalipiga pasi, akaelewa ni kwa ajili ya nini. Akaniambia, "Josepha, usinifukie na koti. Bado linatembea."

Ndiyo maana nilimvalisha ile suti ya kijivu isiyompendeza. Mlidhani nimefanya ubahili.

Kifungo cha tatu cha koti hilo kina rangi ya kahawia na vingine ni vyeusi. Cheusi kilipotea kwenye tope mwaka 2011, nikakata kimoja kwenye gauni langu, lile la miaka kumi, nikakishona. Nilimwambia ni cha muda, Jumatatu nitatafuta cheusi. Alisema kiachwe, kinamwonyesha pa kuanzia kufunga. Miaka kumi na mitatu alianza kufunga koti lake katikati. Esteri ameniandikia kwamba kabla ya sherehe atalipeleka kwa dobi na kubadilisha vifungo vyote viwe sare. Nimwombe aanze kwanza na vya koti lake.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninaomba yafuatayo. Kwamba koti liachwe Makere limalize muda wake. Kwamba kila tarehe 14 Juni nitaleta Kibondo taarifa ya maandishi juu ya hali ya viwiko, kola na idadi ya vifungo. Kwamba nikifa kabla ya 2036, miaka itakayobaki apewe Loyce, na akifa Loyce, Mungu apishe mbali, lipewe yeyote atakayeahidi kulivaa kinyume barabarani. Na kwamba siku ya tarehe 26, ili mila isivunjike na wageni wasirudi bila kuona kitu, wewe uvishwe mabuti ya mvua. Nayo ni ya kaka yako. Yaliandikwa mwisho 2019, lakini nadhani hayakusoma.

Nikiwa na imani kwamba kikao kitalitazama suala hili kwa jicho la mtunza ghala, naweka kalamu chini. Msalimie Esteri na watoto wote, msalimie mama mkwe wangu na umwambie dawa ya miguu nimeipata, wasalimie wajumbe wa kikao mmoja mmoja, hata yule wa mkosi. Loyce anawasalimu. Rabia naye anawasalimu, ingawa hawajui.

Wako katika ukoo na katika baridi,

Josepha,
mjane wa Marselino, na mtunza koti wa muda.

Nyongeza:

Bahasha nilishaifunga. Nimeifungua kwa sababu kabla ya kuifunga nilimpa Rabia barua aniangalizie maandishi, akafika namba mbili, akaniuliza, "Mama Loyce, hilo koti unalivaa lini? Mbona mimi sijakuona nalo hata siku moja?"

Sijalivaa. Liko kwenye msumari nyuma ya mlango tangu turudi kutoka hospitali. Asubuhi naenda kisimani nimejifunika kanga mbili, natetemeka, na koti linanitazama. Nikilivaa litaanza kunuka moshi wa jiko langu, na sasa hivi, ukisogeza pua kwenye kola, bado linanuka ghala. Mwaka mzima umepita ndani yake bila mtu. Yeye angeuandika hasara.

Na nilisema nimenukuu kola kama ilivyo. Nimeacha mstari mmoja. Mistari iko mitatu, na wa tatu aliuandika wodini, kwa kalamu ya nesi, herufi zimepinda. Unasema: KISHA ANATOLI, AKIWA HAJANENEPA.

Nakuja nalo Jumamosi. Sanduku hapana, Shemeji. Livae. Nenda nalo ofisini, sokoni, kwenye mvua, na ukipanda pikipiki ligeuze, watu wakicheka wapungie mkono. Esteri asiguse vifungo.

Mimi nimeshavigusa. Leo mchana nimekaa mlangoni penye mwanga, nikavikata vyote vinne, nikavisogeza upana wa vidole viwili. Vyeusi havikunichukua muda.