Nilivyowapunguza Akina Mama Kulwa

Jana nilifuta wanawake wawili wa mtaa wetu, na wote wawili walikuwa wapishi. Kosa ni langu. Kompyuta haina hatia, ilifanya nilichoiambia.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kuandika programu za Python kwa video za simu, na tangu tuhamie huku Buswelu mwaka jana jua linanipata dirishani tu. (Mama husema pazia la chumba changu limetembea kuliko mimi.)

Leo wakwe wa mdogo wangu Grace walikuwa wanakuja kutoka Misungwi kuzungumza mahari. Kijana anaitwa Doto, hana shida. Shida ni shangazi yake, ambaye tangu mwanzo anasema watu wa mjini hawajui kupokea mgeni. Jana Grace aliniita pembeni.

"Kaka, kesho tukitia aibu, yule shangazi amepata sababu. Usiniangushe."

Kazi yangu ilikuwa moja. Majirani walijiandikisha kwenye grupu la mtaa nani ataleta nini, na mnajua mambo yalivyo: kila mtu ananakili orodha, anaongeza jina lake, anairusha upya. Namba zikajirudia, maua ya emoji yakajaa, mmoja akaweka na sala. Mama anatumia simu ya kitochi, grupu halioni, kwa hiyo akaniomba nimwandikie orodha kwenye karatasi.

Mimi na karatasi wapi na wapi. Nikaandika programu. Inasoma kila mstari, inatupa namba na maua, inatenganisha jina na chakula, kisha inapanga vyote kwa mtindo uitwao JSON: kushoto jina, kulia kazi yake. Ilinimaliza jioni nzima. (Chai niliyomiminiwa ilipoa mpaka ikaota ngozi.) Orodha ikatoka safi, tena fupi kuliko ile ya mwanzo. Nikajisemea, ona uchafu ulivyokuwa mwingi.

Mama akauliza, "Wote wamo?"

"Wote, Mama."

Nikairusha kwenye grupu na maneno haya: "Orodha rasmi. Ya zamani ipuuzwe."

Rasmi. Naomba mlikumbuke hilo neno.

Asubuhi majirani wakaanza kuingia. Kachumbari ikaja, mchicha ukaja, juisi ya ukwaju ikaja. Akaja mama mmoja anayekaa pale juu ya mwamba, kabeba matikiti maji. Mama akampokea: karibu, Mama Kulwa. Baadaye akaingia mama wa kwenye mashine ya kusaga, naye na matikiti, kwenye toroli. Karibu, Mama Kulwa. Hapo nilikuwa bado natabasamu. Kisha akatokea wa tatu na beseni kichwani, na ndani ya beseni nikaona kijani.

"Karibu, Mama Kulwa," Mama akasema, safari hii taratibu.

Kwa msio wa huku: Usukumani mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na mama yao ni Mama Kulwa mpaka anazeeka. Kwenye grupu hawachanganywi, maana kila ujumbe unaonyesha umetoka kwa nani. Programu yangu ilisoma maandishi tu.

Nikakimbilia chumbani, nikafungua faili. Mstari ulikuwa unanitazama:

"Mama Kulwa": "matikiti maji"

Nilikuwa nimeipanga hivi kwamba kila jina linakaa mara moja. Mama Kulwa wa kwanza alijiandika wali. Wa pili alijiandika samaki sato, akamfuta wa kwanza. Wa tatu alijiandika matikiti, akamfuta wa pili. Chakula chote cha maana kilikuwa kimepotea, na wageni walishapiga simu kwamba wamepita Usagara, wanakaribia.

Mama akachungulia mlangoni. Alikuwa anacheka usoni, kwa ajili ya majirani, lakini sauti ilipita katikati ya meno.

"Baraka. Wali uko wapi?"

Nilipomuuliza mama wa mwambani kwa nini hakupika, akaniambia bila kunitazama kwamba wali wake uliungua kwenye msiba uliopita, kwa hiyo alipoona orodha rasmi akajua ameondolewa kwenye wali kiustaarabu, akaleta matikiti. Yule wa sato alidhani tumeshanunua samaki wetu. Wote wawili wakarudi makwao mbio kuwasha majiko. Wageni wakafika wakati mchele bado unachambuliwa.

Wakaketi. Soda zikaisha. Shangazi akautazama mlima wa matikiti mezani.

"Huku mjini ndicho chakula cha mchana?"

Grace aliinamisha uso. Baba akaniita nije nieleze, nikaja na kompyuta mkononi. (Msiniulize kwa nini.) Nikasimama mbele ya wazee wa Misungwi nikieleza kwamba mashine iliona akina Mama Kulwa watatu ikawahesabu mtu mmoja, wengine ikawafuta.

Wageni wote wakageuka kumtazama mama yake Doto. Ndipo akili yangu ikafika, imechelewa kama kawaida yake. Doto. Pacha wa pili. Mama yake anaitwaje?

Mama mkwe akaiweka chupa chini.

"Kwa hiyo na mimi umenifuta."

Nikaifunga kompyuta.

"Basi nileteeni kisu," akasema. "Kazi ya Mama Kulwa leo nimeshaiona."

Akakata tikiti mwenyewe, na kipande cha kwanza, kikubwa, akampa shangazi. Mdomo ukijaa tikiti, malalamiko hayapiti. Wali na sato vilifika jua limeshageuka, wakala, mahari ikazungumzwa, wakaondoka wakicheka. Wakinicheka, lakini wameondoka wakicheka. Grace bado hajanisemesha.

Jioni nikamrudishia mama wa mwambani sufuria yake na kumwomba radhi. Nikamweleza kwamba programu nimeshairekebisha, sasa kila jina litaandikwa na mahali mtu anapokaa. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Baraka, mimi nakaa hapa mwambani, nyuma ya choo chenu. Ungekuwa unatoka nje hata kumwaga maji, ungejua tuko watatu."