Chupa Niliyoivisha Gunia

Jumanne, 5 Agosti
Jumamosi kikundi chetu cha matembezi cha kanisa kinaenda Mlima Kenya. Wa kwanza kufika kileleni ndiye mwenyekiti mpya. Kiti hicho ni changu! Kilichobaki ni chupa ya maji tu. Mpinzani wangu, Kasyoka, nesi mstaafu, atabeba kopo la plastiki lililokuwa la siagi ya njugu. Nilimhurumia.

Jumatano, 6 Agosti
Nimenunua chupa ya chuma kwa Njogu, pale Kyumbi. Inang'aa! Mdomo mwembamba, wa heshima. Kasyoka akanishauri nitafute ya mdomo mpana, niijaze maji moto, niivishe soksi na kuisimamisha kichwa chini, eti barafu huanzia juu. Kichwa chini! Nilimshukuru kwa adabu.

Alhamisi, 7 Agosti
Siri nimeipata. Kwetu Mwala, marehemu baba alikuwa akiuvisha mtungi gunia lililoloweshwa, na maji hayakupata moto hata jua liwake vipi. Gunia lililolishinda jua la Mwala litashindwaje na baridi? Nimeshashona la chupa yangu. Asante, baba.

Jumapili, 10 Agosti. Kambini.
Jana jioni nililowesha gunia, nikaiacha chupa nje ya hema ipate upepo, kama baba. Asubuhi gunia gumu kama ubao. Wenzangu wakaanza kupanda, mimi napigana na kifuniko. Kikafunguka! Nikatia mdomo kwenye chuma. Mdomo ukaganda hapo hapo.

Kasyoka alikuwa mbele ya wote. Aliponiona, akarudi.

“Musili, usivute,” akasema. “Utaacha ngozi hapa.”

Alinimwagia maji ya uvuguvugu kutoka kwa kopo lake, polepole, hadi mdomo ukaachia. Yaliyobaki akaninywesha yote. Bila maji hakuweza kupanda tena. Hakulalamika hata kidogo. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumanne, 12 Agosti
Mwenyekiti ni Kimanzi wa kwaya. Sina kinyongo. Nimempelekea Kasyoka jogoo na ndengu, nikamwambia mbele ya jamaa zake kwamba bila yeye nisingekuwa na mdomo wa kumshukuru. Akacheka, akanipa lile kopo, niende nalo mwakani. Moyo wa mtu huyu! Nimelisugua vizuri, nimeweka sukari ndani, limependeza mezani.

Kosa langu nimeliona pia. Gunia moja halikutosha. Mwakani nitavisha mawili, na nitayalowesha mapema.