Televisheni Yenye Weusi Kamili

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshinda kikao cha familia! Mjukuu wangu, golikipa wa timu ya shule yao, anacheza fainali Jumamosi saa tisa alasiri, na mechi itaonyeshwa moja kwa moja. Sote tunamwita Komeo, kwa kuwa hapitishi kitu. Swali likawa: ukoo ukusanyike wapi? Mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu, muuza matairi, alishaanza kugawa viti vya kwake. Ana LED ya inchi sabini na tano. Inchi hizo huzitaja hata kwenye msiba.

Nikasimama. Nikawauliza nani alimfundisha mtoto yule kudaka. Ni mimi, uani kwangu, kwa machungwa, miaka mitatu mfululizo. Basi atatazamwa kwangu. Mke wangu akauliza atatazamwa kwenye nini, maana televisheni ya sebuleni ilikata roho mwaka jana na iliyobaki ni ile ndogo ya jikoni. Nikatangaza kwamba nanunua mpya. Mwanyumba akasema haya Mwalimu, tutakuja, ila nichague vizuri, tusije tukakodoa macho kama watu wanaosoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Mimi nichague vizuri! Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja!

Jumanne, 5 Machi

Dukani. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alitaka kunieleza tofauti za televisheni. Nikamzuia kwa upole, nikamweleza mimi. LED za madukani zina taa kwa nyuma, na mbele ya taa kuna vipazia vidogo sana, mamilioni, vinavyofunguka na kufungika. Ukitaka weusi, kipazia hufungwa, lakini mwanga huvuja, kama jua linavyopenya chini ya mlango. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta huwaka yenyewe, na ikitakiwa iwe nyeusi huzimika kabisa. Akasema anajua. Nikaendelea, kwani wateja wawili walikuwa wamesimama kusikiliza. Mmoja alikuwa akingoja aoneshwe choo, lakini alisikiliza.

Hoja yangu haina mpinzani. Komeo huvaa nyeusi tupu: jezi, bukta, soksi, glovu. Anayenunua televisheni ya kumtazamia golikipa wa namna hiyo lazima aanze na weusi. Inchi ni mambo ya watu wa matairi.

Muuzaji akauliza sebule yangu ina mwanga kiasi gani mchana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nyumba yangu inasifika kwa mwanga!

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi dukani na kipimo. Kipimo ni soksi yangu ya harusi, nyeusi ya kweli, iliyovaliwa mara moja. Nikaishika mbele ya kila televisheni, kila moja ikionyesha picha nyeusi. Nikaomba taa za duka zizimwe. Muuzaji akakataa. Nikamweleza sababu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Akazima.

LED: kijivu. Ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu. OLED: soksi ilipotea! Sikujua soksi inaishia wapi na televisheni inaanzia wapi. Nimeinunua papo hapo. Wahudumu wote wa duka sasa wananiita Mzee Soksi. Heshima haiombwi.

Mwanyumba akapiga simu kuuliza nimepata inchi ngapi. Hamsini na tano, nikasema, lakini OLED. Akajibu kwamba hiyo O anayoiona mbele ya LED ni sifuri, na kwamba alishawahi kuniona nikigawa sifuri darasani, hakujua kwamba nazinunua pia. Nikakata simu. Wivu ukimkamata mtu mzima unamchosha wenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi wa televisheni amekuja. Nikamwonyesha ukuta: ule unaotazamana na dirisha kubwa, ili mgeni akiingia tu aione. Fundi akakuna kichwa, akasema mzee, hapo dirisha lote litaingia ndani ya kioo. Nikafurahi kukutana na mtu mwenye udadisi. Nikachukua penseli, nikamchorea kanuni ya mwakisiko palepale ukutani: mwanga ukipiga kioo, pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Nikachora dirisha, mshale, televisheni, mshale wa pili, na mtu kwenye kochi. Nilichora vizuri mno. Fundi akatazama mchoro, akanitazama mimi, akatazama dirisha, akauliza kwa hiyo? Nikamwambia kwa hiyo sasa ameelewa, aanze kutoboa.

Televisheni imefunika mchoro. Inasikitisha kidogo. Alipomaliza jua lilikuwa limeshazama, tukaiwasha. Nilimwita mke wangu aje auone weusi. Akasema anauona.

Ijumaa, 8 Machi

Maandalizi. Viti kumi na vinne. Mke wangu akasema asubuhi hii amejiona anafagia ndani ya televisheni, na nguo za jirani zilizoanikwa nazo zimo. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo sifa ya kioo safi. Akasema atasogeza ile ndogo ya jikoni karibu na mlango, kwa usalama. Sikupinga. Ana hofu za kizamani.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tisa. Ukoo mzima umefika. Nikatoa hotuba fupi kuhusu nukta. Mwanyumba akaomba hotuba iishe kabla ya mechi kuisha. Nikawasha.

Jua la saa tisa! Kwenye kioo tulionekana sote kumi na wanne, tumepangwa vizuri, kama picha ya darasa. Uwanja ulikuwepo kwa nyuma, kwa mbali. Komeo, kwa kuwa amevaa nyeusi, hakuonekana hata kidogo, na mahali alipokuwa kilionekana kipara cha Mwanyumba. Kila kona ilipopigwa, mpira ulielekea kichwani kwake. Shangazi yake Komeo alimwambia ainame, tumwone mtoto. Mwanyumba akasema kwamba leo amedaka mipira mitatu bila kunyanyuka kwenye kochi, apewe medali.

Tulitundika shuka dirishani. Likaanguka. Tukatundika tena, joto likawa halivumiliki. Mechi ikaisha sare, zikaja penalti. Mke wangu akaita kutoka jikoni kwamba huku anaonekana. Waliondoka wote. Hata waliokuwa wakiniheshimu.

Nilibaki. Nahodha huzama na meli yake. Nikachukua blanketi, nikajifunika mimi na televisheni pamoja, pua ikigusa kioo. Na hapo nikauona tena, weusi kamili! Mpira sikuuona, wala goli, kwa sababu nilikuwa karibu mno. Kisha kitu kikubwa cheusi kikajaza kioo chote, nikaona hadi nyuzi za mishono yake, na jikoni pakalipuka vigelegele. Komeo amedaka penalti ya mwisho. Mabingwa!

Jioni akapiga simu, akataka kuongea na mimi kwanza. Akauliza, Babu, uliniona nilivyoinyoosha glovu mpaka kwenye kamera? Ilikuwa salamu yako. Nikamwambia niliiona, mjukuu wangu, mpaka mishono yake. Hakuna mwingine kwenye ukoo huu anayeweza kusema hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Kikao kimeamua, bila mimi, kwamba mechi za Komeo sasa zitatazamwa kwa Mwanyumba. Watarudi. Nimechambua matokeo kwa utulivu na televisheni haina kosa lolote. Kosa ni la dirisha. Linazibwa kesho kwa matofali. Mke wangu akauliza mwanga wa sebule utatoka wapi. Utatoka kwenye televisheni, nikamwambia, kila nukta inawaka yenyewe. Amehamishia cherehani yake kwa mdogo wake.

Fundi mwashi amekuja kupima. Mtu mwelewa, ameuliza swali moja tu: na siku umeme ukikatika, mzee?

Nimemvutia kiti. Namweleza.