Marashi na Chujio Lisiloguswa

Pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa ikikohoa. Marashi aliisikia akiwa bado ng'ambo ya barabara, akasimama, akang'arisha kiatu kwa kukisugua nyuma ya suruali, akatabasamu. Watu wengine wakisikia injini inakohoa huziba pua. Yeye husikia riziki ikibisha hodi.

Waliomwita Marashi walikuwa na sababu. Harufu yake ilifika kabla yake, na ilibaki hewani baada ya yeye kutoweka na mali za watu. Safari hii, hata hivyo, hakutaka pesa. Alitaka chombo cha kupanda. Jumamosi ile alikuwa aende kwao mchumba wake, na mama mkwe mtarajiwa alishasema wazi kwamba binti yake, fundi cherehani mwenye duka lake mwenyewe, haolewi na mtu anayefika kwa miguu na kuondoka kwa lifti. Marashi, mdomo ukimtangulia kama kawaida, alijibu kwamba ana pikipiki ya kupanda milima. Na binti huyo alimpenda kweli. Msishangae, matapeli nao wana moyo, ila hawautumii kila siku.

Yadi ilikuwa ya Mama Vumbi, mwanamke mpana wa mwili na mwembamba wa mkono linapokuja suala la kutoa. Alizikodisha pikipiki zake kwa vijana waliopenda kufukuzana kwenye machimbo ya mchanga nyuma ya mji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza, sinunui. Kama unakodi, lipa kwanza."

"Sikuja kuuza, mama yangu. Nimepita njia nikasikia mgonjwa." Marashi aliinamisha sikio kwenye injini, uso ukiwa wa huzuni kama yuko wodini. "Mapafu haya. Chujio la hewa unalitunzaje?"

Hapo alikuwa amegusa kidonda.

"Usinikumbushe! Fundi anataka nilioshe kila zikirudi kutoka machimboni. Mara mafuta ya taa, mara sabuni, mara likauke kivulini, mara lipakwe mafuta yake maalumu, tena ya kununua. Mimi nina pikipiki au nina mtoto mchanga?"

Marashi akafungua fuko lake taratibu. Ndani mlikuwa na machujio mekundu, laini, aliyokuwa akiwauzia watu mji mzima, yamekatwa vizuri kutoka kwenye godoro la mwenye nyumba wake na kutiwa rangi ya nguo.

"Hili halioshwi wala halipakwi mafuta. Vumbi likiligusa linarudi lilikotoka kwa aibu."

"Na likichafuka?"

"Halichafuki. Ukikifungua kisanduku chake ndio unaliharibu. Chomeka, funika, sahau."

Tumwambie msomaji, kwa faida ya pikipiki yake, kwamba chujio la namna hiyo halijazaliwa. Sponji kavu ni mlango wazi. Mafuta yale yanayonata ndiyo yanayokamata mchanga, na asiyefungua kisanduku kutazama huilisha injini yake mchanga mpaka pistoni ilegee. Marashi aliyajua haya yote. Alifundishwa na fundi mmoja, ambaye baadaye Marashi huyu huyu alimwibia bisibisi. Ila kufungua kisanduku chenyewe kwa mkono wake, hajawahi. Kunachafua kucha.

"Unataka nini?" Mama Vumbi akauliza.

"Mama na mwana hawauziani. Nipe ile pikipiki nyekundu iliyo pembeni, nikuachie fuko zima."

"Ile?" Mama Vumbi akashika kifua. "Ile ndiyo mboni ya jicho langu! Wateja wanaigombania ile!"

Aking'ang'ania hapo, Marashi akimbembeleza, mpaka mwishowe akashusha pumzi na kujifuta chozi ambalo halikuwapo. "Ichukue, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Marashi angepaswa kulitambua chozi lile, maana alikuwa na la kwake la aina hiyo hiyo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye rangi mpya. Alibonyeza kiti, akapiga honi, akajitazama kwenye kioo na kuridhika sana. Injini ikanguruma kwa sauti nene, ya heshima. Akaondoka akicheka peke yake.

Jumamosi, akipanda mtaa wa kwao mchumba, moshi wa bluu ulianza kumfuata. Ikafika mahali watoto wakaupita mwendo wake kwa miguu. Mbele ya geti la mama mkwe pikipiki ikatoa mlio mmoja wa kukata tamaa, ikazima. Majirani wakatoka. Mama mkwe akatoka, mikono kiunoni.

"Si wewe bwana wa machujio? Haya, tengeneza tukuone."

Marashi akagusa hiki, akagusa kile, akamwaga jasho kwenye shati jeupe. Mchumba wake ndiye aliyeleta bisibisi ya cherehani, akainua kiti, akafungua kisanduku kilichokuwa chini yake. Chujio halikuwamo. Kulikuwa na mchanga tu, wa kutosha kupandia mche wa nyanya.

Mama Vumbi, kwa kuchoshwa na kuosha, alilitoa chujio zamani na kulitupa, akaendelea kukodisha. Injini ilipoanza kufa aliimiminia oili nzito ya malori ili ifiche ugonjwa, akaipiga rangi, akaiweka pembeni kumsubiri mjanja. Mshamba angeuliza maswali.

"Unawauzia watu machujio mji mzima," mchumba akasema polepole. "La kwako liko wapi?"

Hakucheka. Angecheka, Marashi angepata pa kuanzia.

"Sikufungua kutazama."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka ya kufika kwako."

Lilikuwa neno la kweli, pengine la pekee alilotamka juma lile zima, na bahati mbaya lilisikika sawasawa na mengine yote. Binti akafuta bisibisi kwa khanga yake, akaingia ndani.

"Iondoe getini," mama mkwe akasema. "Watu wanataka kupita."

Marashi akashika usukani, akaanza kusukuma.