Wanyama Wangu wa Tope Baridi

Jumatatu, 4 Agosti

Arlington, hapa Texas, inachemka. Heri maabara, kuna friji! Tope limefika kwa ndege kutoka kaskazini kabisa, pale mto unapoingia bahari ya barafu. Limejaa wanyama wadogo kuliko mbegu za ufuta: minyoo, kome, na vijikamba vilivyojikunja. Profesa Abigail amenipa chupa moja, na mwenzangu wa maabara, Sheldon, moja. Atakayewatunza vizuri hadi Ijumaa ataandamana naye huko wiki ijayo. Nimempigia mama kule Meru, nikamwambia nimeshachaguliwa. Kosa dogo tu la wakati.

Jumanne, 5 Agosti

Sheldon anawachungulia wake kila mara. Anawanong'oneza! Simwamini. Nimetoroka na chupa yangu hadi nyumbani, nikaificha kwenye friji nyuma ya maziwa. Cassien, Mrundi ninayeishi naye, akauliza ni nini. Nikasema dawa ya tumbo. Akanipa pole. Mtu mwema sana.

Mama amepiga. Kanisa zima linaniombea nisipatwe na nimonia.

Jumatano, 6 Agosti

Msiba! Godelieve, dada yake Cassien, amekuja kutoka Houston kutusalimia, akasafisha friji bila kuombwa.

"Ile dawa yako ilikuwa imeoza, kaka," akasema. "Nimeimwaga chooni."

Kisha akanipikia maharage ili tumbo lipone. Nilikula machozi yakinilengalenga. Nilikuwa nimeanza kuwapenda, hasa yule mwenye macho mekundu aliyeogelea ubavuubavu.

Alhamisi, 7 Agosti

Akili imerudi! Tope ni tope. Kuna kijito nyuma ya maegesho yetu. Nimejaza chupa nyingine, nikatia chumvi, maana ni bahari. Mbu wamenila hadi masikio. Lakini chupa inafanana kabisa!

Ijumaa, 8 Agosti

Profesa aliweka tone chini ya hadubini. Nikauliza kama wamenenepa. Akasema kwa upole uliochoma kwamba ameifanya kazi hii maisha yake yote, na hajawahi kukuta kiluwiluwi cha mbu chini ya bahari.

Nikaeleza yote, hata maharage. Sheldon hakucheka. Alichukua chupa yake, akanimiminia nusu. Ningefurahi zaidi angenicheka.

Kazi bado ninayo. Safari ni ya Sheldon. Nilimpigia mama, nikamwambia ukweli. Akasema sweta ameshanifumia na atanitumia tu, kwani amesikia Texas kuna viyoyozi vikali. Nikakata simu kabla sijalia.

Jumamosi, 16 Agosti

Sheldon ameondoka. Ameniachia chupa zote na maagizo makali: nisizihamishe, nisizitikise, nisiwalishe chochote.

Nimewatazama. Wamekonda, maskini! Tope tupu, asubuhi na jioni. Nani angenawiri? Nimepika uji wa wimbi, mwepesi, nikaupoza vizuri. Kijiko kimoja kila chupa. Sheldon akirudi hatawatambua!