Neno la Selina Ndani ya Plastiki

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sikulala vizuri. Selina muuguzi, jirani yangu hapa Kirumba, amepangiwa kazi Nansio, kisiwani huko ng'ambo ya ziwa. Anavuka Jumamosi! Nampenda na sijawahi kumwambia. Nikimsogelea mdomo unanikauka.

Leo mpwa wangu Favour, anayesoma kemia chuo kikuu, kanionyesha kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa. Anasema rangi iliyomo ndani ina molekuli nyembamba kama vijiti. Mwanga unaotetemeka upande mmoja ukizipiga, zinajigeuza polepole mpaka zilale kukingama na mtetemo ule. Hubaki hivyo hata mwanga ukizimwa. Kwa macho matupu huoni kitu. Ukivaa miwani ile ya wavuvi ya kuzuia mng'ao wa ziwa, ukainamisha kichwa, unaona zilipogeuka.

Nimekaa dirishani nikiwaza mpaka chai ikapoa. Vijiti visivyoonekana, vinageuka taratibu kwa sababu ya mwanga tu. Kumbe mtu anaweza kusema bila kufungua mdomo! Nimekiomba kile kipande.

Jumanne, 10 Juni

Miwani anayo Machibya, huyu wa ng'ambo ya uzio, anayejifanya kumbebea Selina ndoo za maji. Nimemwambia macho yananiuma. Kanipa, ila anaitaka Jumamosi. Bahili!

Nimetoboa herufi kwenye karatasi ngumu: TUOANE. Mpango ni huu. Plastiki chini, herufi juu yake, kioo cha miwani juu kabisa kichuje jua libaki la mtetemo mmoja. Favour kaonya nisisogeze kitu, na jua tupu lisiingie, maana linatetemeka kila upande na litavuruga vijiti vyote.

Alhamisi, 12 Juni

Ziwa limetulia. Jua zuri mno. Nimepanga mitambo yangu ufukweni, pembeni ya dagaa wa mama Dorotea waliokuwa wakikauka mchangani. Nikajilaza kivulini, nikaota mchana kweupe: Selina kavaa miwani, kainamisha kichwa, kisha kacheka polepole. Nikasinzia.

Kuamka, plastiki iko wazi! Herufi kando, miwani kando. Mama Dorotea alipokuwa akigeuza dagaa wake, kaigeuza na plastiki yangu. Tena si mara moja. Kanieleza kwa upole kwamba kitu kilichoanikwa lazima kigeuzwe, la sivyo kitaoza upande mmoja, na kwamba ile miwani ilikuwa inakitilia kivuli. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Ni mtu mzima na alikuwa ananisaidia. Nikarudisha kila kitu mahali pake, jua likizama. Nina hakika vijiti vimeelewa.

Jumamosi, 14 Juni

Bandarini. Nimempa Selina plastiki na miwani, nikamwomba ainamishe kichwa. Kainamisha kulia. Kushoto. Watu wakaanza kututazama.

"Kaka Okech, sioni kitu," akasema. "Ulitaka kuniambia nini?"

Nikamjibu kwamba jua la Alhamisi lilikuwa na kasoro.

Hapo akafika Machibya kudai miwani yake. Kaipokea, kaifuta kwa shati, kisha bila haya, mbele ya abiria wote:

"Selina, mimi nakupenda. Nikija Nansio na wazee wangu, utanipokea?"

Selina akamwambia karibu. Nimeumia, sitaficha. Meli ilipoondoka nilibaki nimeshika plastiki, maji yakimetameta, nikawaza mwanga wote ule unapotea bure.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata nafuu. Favour anasema wazee wa kina Machibya wanavuka Jumapili, na kwamba mimi niliulizwa kabisa nilitaka kusema nini. Vijana hawa hawaelewi. Tatizo lilikuwa udogo wa plastiki. Masikini Machibya! Kamwambia kwa mdomo tu, hana ufundi wowote. Nimemwomba Favour plastiki ya ukubwa wa dirisha, na herufi mpya nimeshatoboa. Leo mawingu yamefunika ziwa lote, hata Kamanga, ng'ambo ya pili, haionekani. Nitasubiri jua.