Mapazia ya Harusi Kwenye Bwawa la Kwa Ngula

Jumanne, 2 Desemba

Daftari jipya. Karatasi zina mistari ya bluu, na ukiitazama kwa macho nusu inafanana na mawimbi. Nimelichukua kama dalili. Mtoto wangu Fahima anakwenda kushinda mbio za mashua, na lazima mtu aandike mambo yalivyokwenda kabla watu wa hapa kijijini Kabati hawajayageuza.

Fahima ana miaka ishirini na mbili. Alikaa Kilifi miaka miwili akipika hotelini, na kila Jumapili alijifunza kuendesha mashua za matanga. Akashindana, akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtu mwenye mashua yake mwenyewe, kwa hivyo mimi namhesabu Fahima wa kwanza. Sikushangaa. Babu yangu alitoka Lamu akaja Kitui kuuza vitambaa. Sisi ni watu wa bahari. Mimi bahari nimeiona mara moja tu, nikiwa na miaka sita, nikatapika. Lakini nilitapika kama mtu aliyefika kwao.

Mbio ni Siku ya Jamhuri, kwenye bwawa letu la mchanga, Kwa Ngula. Wazo ni la Fahima. Kiingilio ni jiwe moja. Kila anayekuja kutazama aje na jiwe la kuongezea ukuta wa bwawa, maana kikundi chetu cha mwethya, cha kazi za pamoja, kimebeba mawe mwaka mzima na migongo imekataa. Mshindi atapata nafasi kwenye mashua ya klabu moja ya Kilifi, mbio kubwa za Februari. Nafasi ni moja. Nimeshaamua nitavaa nini nikienda kumshangilia.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeshona tanga. Nimeshusha mapazia ya bluu aliyoninunulia marehemu Faki wiki ya harusi yetu, nikayaunga kwa cherehani, mshono mara tatu. Fahima alisema jamani mama, hayo ni ya baba. Nikamwambia baba yako angependa kwenda Kilifi bila nauli.

Saa tisa upepo ukaingia dirishani, ambapo sasa hakuna pazia. Tanga likajaa pale pale mezani. Likainuka taratibu kama mtu anayeamka. Nikaacha kukanyaga cherehani. Niliona maji kila mahali, sebule nzima bluu, kabati la vyombo likielea, na Fahima amekaa nyuma ameshika usukani, anacheka. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mahamri yaliungua.

Jirani yangu Mama Ndolo alikuja kuomba chumvi. Hakutaka chumvi. Aliuliza kama sasa jirani wote watatuona tukila. Nikasema waone, chakula kipo. Ndolo wake, yule wa bodaboda, naye anashindana. Amefunga mitungi ya njano kumi na miwili kwa kamba, akaweka mbao juu. Tanga lake ni bango la kampeni, uso wa mheshimiwa fulani, mkunjo umepita katikati ya meno. Nikamwambia Mama Ndolo ni kazi nzuri sana. Nilikuwa mpole mpaka nikajiogopa.

Jumamosi, 6 Desemba

Majaribio. Nilifika mapema, kabla ya punda wa maji. Bwawa lilikuwa limetulia. Mvua za Novemba zimeacha maji juu ya mchanga, kutoka ukingo hadi ukingo, na mawingu yalikuwa yamelala ndani yake. Kama mtu hajui angesema ziwa. Nilipiga picha nikamtumia binamu wa Malindi, nikaandika: ziwa letu.

Fahima akasukuma mashua. Ameitengeneza mwenyewe, mbao nyembamba, na ubao mmoja mrefu unaoshuka chini ili upepo usiisukume upande. Tanga likashika. Mwanangu akaondoka bila sauti. Mapazia yangu yalikwenda juu ya maji kama ndoto ya mtu tajiri. Nililia kidogo. Mama Ndolo alikuwa karibu, nikasema ni vumbi.

Halafu katikati mashua ikasimama. Kabisa. Ubao wa chini umegonga mchanga. Fahima akainua ubao, mashua ikaenda upande kama kaa. Akaushusha, ikakwama. Ndolo akapita na mitungi yake, haigusi chochote, mheshimiwa anatabasamu. Akamwita Fahima kutoka huko, mwaitu, mama yetu, nikuvute na kamba? Wote wakacheka. Fahima naye akacheka, sijui huyu mtoto alilelewa na nani.

Tatizo nimelijua. Mchanga ni mwingi mno.

Jumatatu, 8 Desemba

Mkutano wa mwethya. Mwenyekiti Mwau, fundi wa kuchomelea, alisimama na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Alisema mwaka huu mto umeleta mchanga kuliko mwaka wowote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mara mbili tu.

Akaeleza tena kwa ajili ya wageni. Ukuta unazuia mchanga, mchanga unaficha maji, jua haliyanywi, na mwezi wa nane mtu akichimba kwa mkono anapata maji safi. Malori yakichota mchanga, maji yamekwenda na lori. Ndiyo maana tuliweka mnyororo na kufuli kwenye njia ya kushukia mtoni. Akanishukuru mbele ya watu wote, kwa sababu mshika ufunguo ni mimi. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, na walisema nina sura ya mtu asiyepitika.

Baadaye akatangaza kwamba Jumatano kikundi chote kinakwenda Nunguni kuona walivyopanda nyasi kingoni mwa mito yao. Fahima pia. Basi ni saa kumi na mbili asubuhi.

Wote. Siku nzima.

Ndugu yangu Haroun ana lori. Nilikuwa nafikiria tu.

Nimewaambia tumbo linanisumbua.

Jumatano, 10 Desemba

Ni lori tano tu. Nataka hilo lieleweke. Bwawa limejaa mchanga wa miaka kumi, lori tano ni kama kumkata mtu kucha. Na sikuuza hata punje, niliwapa wajenzi wa kwa Haroun bure, pamoja na mahamri. Nilichotaka ni shimo. Shimo refu katikati, mahali ubao wa mwanangu utashuka bila kuguswa.

Haroun alilalamika kidogo. Alisema dada, hii si ndiyo ile sehemu mliyofunga? Nikamwambia tumefunga kwa ajili ya wezi, wewe ni mjomba. Lori lilikata ukingo kidogo likishuka, pale mwisho wa ukuta, maana njia ni nyembamba. Vijana wake waliingia majini hadi kifuani wakichota. Kufikia saa saba shimo lilikuwa bluu nzito, zaidi ya pazia. Nilikaa juu ya jiwe nikilitazama. Nikaona samaki ambao hawapo. Nikasema hapa ndipo Fahima atageuza mashua, na watu wa Kilifi watauliza, huyu ametoka wapi, na mtu atasema, Kabati, mama yake ni Salama.

Saa kumi mvua ikanyesha kubwa. Nikafurahi. Maji ya kuongezea.

Walirudi kutoka Nunguni wameloa, wanaimba. Fahima ameniletea kabichi kwa ajili ya tumbo langu.

Alhamisi, 11 Desemba

Sijui niandike vipi.

Asubuhi Mwau alipuliza filimbi mpaka mbwa wakaitikia. Tukakimbia wote. Maji yameacha kupita juu ya ukuta. Yanapita pembeni. Yameingia kwenye zile alama za magurudumu, yakala ukingo, na sasa kuna mfereji upana wa mlango unaozunguka mwisho wa ukuta, na bwawa letu linatoka humo pamoja na mchanga. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayemimina chai. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Walitupa mawe, maji yakayabeba. Walitupa magunia ya udongo, yakapasuka. Mwau akasema tunahitaji kitambaa kikubwa kigumu cha kufunika mdomo wa mfereji, halafu mawe juu. Watu wakatazamana.

Fahima alikuwa ameshaondoka mbio. Alirudi na tanga begani. Nikamshika mkono. Nikamwambia mwanangu, mbio ni kesho, na hayo ni mapazia ya baba yako. Akasema, mama, mwezi wa nane tutakunywa pazia? Akaingia majini. Ndolo akang'oa bango lake akamfuata bila kuambiwa. Walitandaza lile la bluu chini, juu yake mheshimiwa, tukapanga mawe. Mimi nilibeba mawe kumi na saba, nilihesabu. Mama Ndolo alibeba kumi na sita, na moja lilikuwa dogo.

Saa nane maji yakanyamaza. Kipande kidogo cha pazia kilibaki nje ya mawe, kinacheza kwenye maji. Nilikitazama sana. Ningesema Faki ananipungia mkono, lakini yeye alikuwa mtu wa kunyamaza.

Halafu Mwau akapanda juu kuangalia kufuli. Akarudi polepole. Akasema kufuli halikuvunjwa.

Nikatazama mawingu. Nilisema siku hizi makufuli ni ya Kichina. Mama Ndolo akafungua mdomo, na ninajua kilichokuwa ndani. Lakini Fahima alimtangulia. Alisema ufunguo ulitoka nyumbani kwetu, kwa hivyo nyumba yetu imekosa, na yeye hatashindana kesho.

Alisema nyumba yetu. Hakusema mama.

Jioni nilipika pilau. Alikula vizuri, akasema imeiva. Hakuniuliza kitu. Ningependa angeuliza, nilikuwa na majibu matatu.

Ijumaa, 12 Desemba. Jamhuri

Watu walikuja wengi, kila mmoja na jiwe. Kutoka Tawa walikuja na pikapu, mawe nyuma na wazee mbele. Mtu mmoja alikuja na kokoto, akarudishwa.

Maji yamebaki nusu ya uwanja wa mpira, na sehemu kubwa yake ni shimo langu. Nilitaka mtu aliseme hilo. Bila shimo langu wangeshindana kwenye matope. Hakuna aliyelisema, na mimi nilijizuia, jambo ambalo halitaandikwa popote isipokuwa hapa.

Mashua sita, zote za mitungi. Ndolo hana tanga. Fahima ndiye mwamuzi, filimbi shingoni, amesimama juu ya ukuta. Akaniangalia kwa mbali. Akashuka akaja, akanyoosha mkono. Alitaka leso. Leso yangu ya njano na nyeusi, niliyoivaa kwa ajili ya siku hii, ambayo haijawahi kuguswa na sabuni ya kipande.

Nikamwambia ni ya kwenda nayo Kilifi. Akasema, basi itakwenda.

Mama Ndolo alisema asante, Mama Fahima, akaikunja vizuri kabla ya kumpa mwanawe. Sikutegemea aikunje.

Walianza saa tisa, upepo ulipoamka kutoka vilimani. Wengine walizunguka tu kama kuku. Ndolo alisubiri, kama Fahima alivyomfundisha asubuhi, hilo nimelijua baadaye. Leso ikajaa. Ikawa duara, njano kabisa, jua likiwa nyuma yake, maandishi yote yakisomeka kutoka ukingoni. Ilipita juu ya shimo polepole. Maji yalikuwa kimya, watu walikuwa kimya, hata punda. Nilisahau ni mashua ya nani inayoshinda. Niliona babu yangu amesimama kwenye mchanga wa Kitui na kitambaa mkononi, anapima upepo.

Ndolo wa kwanza. Mama Ndolo alinikumbatia akanikanyaga mguu. Nilimwambia kila aliyekuwa karibu kwamba tanga lilikuwa letu.

Jumapili, 14 Desemba

Mwethya wamekaa. Nafasi ya Kilifi ni ya Ndolo. Ufunguo nimenyang'anywa, amepewa Fahima. Kwa maneno mengine mwanangu, akiwa na miaka ishirini na mbili, ndiye mkuu wa maji yote ya Kwa Ngula. Nimeshamwandikia binamu wa Malindi. Niliandika: mkuu wa ziwa.

Nilimuuliza Fahima kama anaumia kwa mbio za Februari. Alikuwa anapanda nyasi za Nunguni pale ukingo ulipokatika, magoti yamejaa udongo. Akasema anaumia. Halafu akasema, shika hapa mama, nikashika mche, akaufukia. Tulipanda mpaka jua likawa jekundu na maji yakawa mekundu, na kile kipande cha pazia bado kinacheza.

Adhabu yangu ni mawe mia moja, kabla ya Krismasi, ya kujaza pale palipobomoka. Mwau alisema kwa mikono yangu mwenyewe. Alisema kwa heshima.

Mia moja. Mgongo wangu si wa mawe, ni wa bahari. Nimefikiri vizuri, bila haraka, nikitazama dirisha lisilo na pazia. Jumanne kikundi kinakwenda Tawa kurudisha shukrani. Haroun yuko tayari. Mawe mia moja ni safari moja tu ya lori, na njia ya karibu ni ile ya kushukia mtoni. Tutapita upande wa pili wa ukuta, ule ambao bado ni mzima.

Ufunguo wa pili uko kwenye mkebe wa sukari. Hakuna aliyeniuliza kama kuna wa pili.